Atakayeliliwa Pande Mbili

Siku niliyotumwa ng'ambo ya mto naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, na harusi yangu watu walicheza mpaka asubuhi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimefika kwetu, baba yako akiwa hajazaliwa. Wenye bunduki walikuwa wakishuka kutoka msituni, na daraja la kuingilia kijijini lilikuwa moja tu. Kulilinda tuliwahitaji watu wa ng'ambo, na hao tulikuwa tumegombana nao miaka mingi kwa ajili ya malisho.

Wanaume wakakaa kuchagua mjumbe. Mwalimu akajitolea. Alikuwa na Kifaransa kizuri, jamani, na suruali ya pasi hata vitani! Wote wakakubali. Ndipo mama mkwe wangu, aliyekuwa nje akimenya mihogo, akaingia bila kuitwa.

"Mwalimu akikufa kule, nani atamulilia? Sisi tu. Mutume ule mwenye akikufa, batalia kule na huku."

Wakanigeukia mimi. Mama yangu alizaliwa ng'ambo. Kule mimi ni mtoto wa dada yao, na kwa desturi yetu mtoto wa dada haguswi. Hata hivyo niliogopa, maana vita havina adabu. Nilimwachia mama mkwe mtoto wangu mchanga, yule mkubwa wa baba yako, nikavuka peke yangu.

Wajomba walinisikiliza, wakakubali. Daraja tukalilinda pamoja, na wenye bunduki wakapita njia nyingine. Lakini niliporudi, watu walinizunguka: "Balisema nini? Balisema nini?" Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Tangu hapo nikifika kisimani, sauti zilishuka. Ng'ambo nako waliniona mtu wa huku. Upweke ule nimekuja nao mpaka hapa ugenini, mji huu wa Columbia Heights. Theluji ikianguka nakaa nao dirishani, natazama basi likishusha watu nisiowajua.

Sasa nasikia kanisa limekuchagua wewe uende mji wa Hopkins, kwa wenzetu waliojitenga na kanisa letu, kwa sababu mke wako ametoka kwao. Wamechagua vizuri. Na mimi nimekuonea huruma.

Nenda, mwanangu. Sema ulichotumwa, usitie chumvi. Ukiwa kwao usituseme vibaya, na ukirudi usiwaseme wao. Pande zote zikikushuku, usidhani umeharibu. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Nawe siku utakapokuwa mtu wa kutuma wengine, mpokee mtu kwanza, habari zake baadaye.

Ukitoka Hopkins usikimbilie kwa mchungaji. Pita hapa kwangu, utakuta bugali, ugali wetu wa mihogo, na sombe ya moto, yale majani ya mihogo ya kutwanga. Sitakuuliza walisema nini. Mungu akupe maneno ya kutuliza na miguu ya kurudi, na kila utakakotumwa akuwekee mtu mmoja mlangoni wa kukungoja. Safari hii, mtu huyo ni mimi.