Kocha na Gemu za Nchi Asiyoijua

Saa tatu kasoro asubuhi, Kocha anawasha mashine ya kwanza huku amefumba jicho moja, kama mtu anayefunua sufuria akihofia mboga imeungua. Gemu zote zipo. Anashusha pumzi.

"Kila asubuhi ni kama nasubiri majibu ya hospitali," anasema na kucheka.

Kocha, kama wateja wanavyomwita, ni mama wa watoto wawili. Chumba chake cha gemu kina mashine mbili, mabenchi na feni inayolalamika kuliko wateja. Ada za shule zinatoka humo humo.

CD mpya ya gemu ya mpira inakula mapato yake ya wiki mbili. Kuipakua mtandaoni ni wiki moja na ushee. Lakini kwenye duka la mtandaoni la nchi moja ya mbali, gemu hiyo hiyo ni mapato ya siku mbili tu.

"Magoli ni yale yale! Nikajiuliza, au mpira wao hauna upepo?"

Basi miaka mitatu iliyopita alifungua akaunti, akajaza kwamba anaishi huko. Mtaa aliuokota kwenye ramani. Gemu zake zote zimo kwenye akaunti hiyo. Ndege hajawahi kupanda.

Hofu ilianza mwezi uliopita, mwenzake mwenye chumba cha gemu mtaa wa pili alipofungiwa akaunti ya namna hiyo. Sasa anauza viti vya chumba chake.

Kocha anawasha mashine ya pili. Maandishi ya kigeni yanajaa kwenye skrini.

"Vipi, Kocha?" anauliza kinyozi wa jirani, ameshakaa kwenye benchi. "Unaogopa nitakufunga mapema?"

"Hebu nyamaza, kaka."

Mdogo wake Kocha anayapiga picha maandishi, simu inayatafsiri. "Dada, wanataka uthibitishe unapoishi. La sivyo wanasitisha akaunti."

"Lini?"

"Hawajasema."

Kocha anachomoa waya wa intaneti haraka, kama amekanyaga mwiba, ili wasizifikie mashine. Mashine ya kwanza, ambayo akaunti inaitambua kama ya nyumbani, bado inacheza. Ya pili, ambayo lazima iulize mtandaoni kwanza, inaweka kufuli kwenye kila gemu.

"Nilidhani nimenunua," Kocha anasema polepole. "Kumbe niliazimwa. Na hii moja iliyobaki, nitaificha mpaka lini?"

Anainama, anapuliza vumbi kwenye tundu la CD la mashine iliyofungwa. Halijawahi kutumika. Mpango wake ni kununua CD za mitumba, moja moja, akianza na ya mpira.

"Ni ghali, najua, na watoto watanisamehe viatu," anasema. "Lakini anayetaka kunipokonya CD itabidi apite mlangoni. Na mlangoni nimekaa mimi."