Kapu la Mkate la Domitila

Domitila Santibáñez aliuza tamale, unga wa mahindi unaopikwa kwa mvuke ndani ya majani, sokoni Santa Rita miaka arobaini, na kwa jasho hilo alimsomesha mdogo wake Herlinda mpaka akawa mwalimu. Mama yao alikufa Herlinda akiwa na miaka minne. Domitila mwenyewe hajui kusoma. Ukimuuliza kwa nini hakuolewa, hujibu, "Ningemwachia nani yule mtoto? Wewe?" Mimi ni jirani yake, Tomasa. Ukuta wetu ni mmoja, na katika haya ninayosimulia nami nina mkono wangu. Sijisafishi.

Herlinda aliondoka kwetu na miaka kumi na miwili kwenda shule ya bweni, na tangu hapo Santa Rita alikuja likizo tu. Alikuwa na mdomo. Aligombana na wakubwa mpaka shule yake ikajengewa choo cha wasichana, akaingia bungeni, kisha akagombea ugavana, jambo ambalo hakuna mwanamke wa jimbo letu aliyewahi kulithubutu. Walevi wa kilabuni wakacheka, "Atatawala kwa mwiko?" Domitila, akipita na ndoo yake ya tamale, akawajibu, "Mwiko ndio uliowalisha, mabwege nyie!" Siku matokeo yaliposomwa redioni alilia mpaka maharage yakaungua.

Mwaliko wa kuapishwa ukaletwa na karani, ndani ya bahasha yenye muhuri. Sasa, kwetu jambo kubwa halialikwi kwa karatasi. Mwalikaji huja mwenyewe na kapu la mkate na chokoleti, anakaa, anaomba. Na anayeombwa hakubali siku ya kwanza. Hukataa, au hujificha, ili jambo lionekane zito. Mwalikaji akirudi mara ya pili, kapu hupokelewa na chokoleti hunywewa.

"Karatasi!" Domitila alifoka. "Mimi nisiyejua kusoma, ananiletea karatasi!"

"Shoga, gavana ana mambo mengi."

"Gavana kwenu. Kwangu ni Linda, nimemfuta makamasi."

Siku moja kabla ya kiapo, Herlinda akaja mwenyewe. Alishuka garini na kapu limefunikwa kitambaa. Domitila alichungulia dirishani, uso ukamchangamka, halafu akanisukuma mlangoni.

"Mwambie sipo."

"Domi, anaapishwa kesho!"

"Basi atarudi jioni. Nenda, usiniharibie."

Nikaenda. Nilisema uongo ule nikitabasamu, maana ndivyo unavyosemwa. "Dada yako hayupo, Mheshimiwa."

Herlinda akatazama moshi uliokuwa ukipanda juu ya jiko. "Hayupo kweli, Tomasa?"

"Hayupo."

"Haya. Mwambie nilipita." Akarudi garini na kapu lake.

Domitila alioga, akavaa blauzi yake ya tarizi, akateleka maji ya chokoleti. Maji yalichemka mpaka yakakauka. Kesho yake tukasikia kiapo redioni, na mtangazaji akasema kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu.

Herlinda alitawala miaka sita. Alileta maji ya bomba milimani, akaandikisha wajane kwenye ardhi ya waume zao, na wenye mashamba makubwa wakamwita mchawi. Domitila alimsikiliza redioni kila Jumapili na kumjibu kama yuko chumbani: "Sema polepole, mwanangu, utaishiwa pumzi." Nilimsihi aende mjini. "Mara ya pili ni ya mwalikaji," alisema, "mimi siwezi kujialika." Ukaidi ule ulinichosha, lakini mimi ninayejua kuandika sikumwandikia Herlinda hata mistari miwili kusema nilidanganya. Mwacha mila ni mtumwa, tuliambiana, tukakaa.

Mwaka mmoja baada ya kuacha ugavana, Herlinda aliugua ugonjwa wa damu akafa. Mazishini dereva wake, Don Fermín, alitufuata.

"Siku ile tulisimama nje ya mji saa nzima," alisema. "Alitumaini mtamfuata. Mwishowe akasema, 'Dada ana haki. Nilimtumia karatasi kama mgeni. Amenikataa, sitamsumbua tena.'"

"Si mtu hukataa kwanza?" Domitila aliuliza. "Tomasa, hakujua kwamba mtu hukataa kwanza?"

Angejulia wapi? Mambo hayo mtu hujifunza ukubwani, nasi tulikuwa tumempeleka shule.

Domitila sasa ana miaka themanini na mbili. Kila mwaka, siku ya kuwapokea wafu, ambao kwetu hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, anapanga maua ya manjano mezani mbele ya picha ya Herlinda, anaweka kapu la mkate na chokoleti, anakaa. Baadaye analibeba kapu na kulirudisha jikoni, anatoka nje, anazunguka nyumba akiegemea mkono wangu, kisha tunaingia tena kwa mlango wa mbele na analiweka upya.

"Mara ya pili hii, Linda," anasema. "Nimerudi. Kubali."