Mukai na Majina ya Mwisho wa Filamu

Mukai Musembi hasifu filamu ambayo hajaitazama mpaka jina la mwisho lipite kwenye skrini. Hiyo ndiyo kanuni yake. Ukimuuliza kuhusu filamu aliyoiona nusu atakujibu, "Sijaimaliza, sina neno," na hata umbembeleze vipi hatakuambia kama inafaa au haifai. Wengi humwona mgumu. Mimi naona kwamba kama tungeshika kanuni hiyo tunapozungumzia ndoa za watu na kesi za watu, mtaa wetu ungekuwa na amani zaidi.

Hakuzaliwa nayo. Mukai ni fundi wa sweta za shule. Ana mashine ya kufuma na kibanda kidogo kwenye kituo cha matatu cha Kawangware 56, na kwa miaka kumi na minne aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, Riruta Satellite. Mwaka huo wa kumi na nne vijana walikuwa na semina, nasi tukawa tunatafuta filamu ya kuwafunza kuhusu familia. Mukai akatuambia iko moja ya mjane na watoto wake, nzuri sana. Alikuwa ameitazama nusu, stima ikapotea, na hakuona haja ya kuirudia. Katika nusu ya pili mjane yule alifanya mambo ambayo yalimlazimu pasta kung'oa waya ukutani mbele ya vijana sitini. Mukai alisimama mbele ya kamati akasema ukweli: "Sikuwa nimeimaliza." Tulimwondoa kwenye kwaya. Nasema tulimwondoa kwa sababu mkono wangu nao ulikuwa juu.

Hakuhama kanisa wala hakununa. Alikaa benchi za katikati kama muumini mwingine yeyote. Ila tangu siku hiyo alianza kutazama filamu kama mtu anayesoma karatasi ya kukodi nyumba kabla ya kutia sahihi, na kwa kuwa kanisani hakuna aliyetaka tena kusikia maoni yake, aliyapeleka Kibera.

Kule Kambi Muru kuna ukumbi wa video wa Ambrose Shivachi, mzaliwa wa Kakamega, mtu mpole mwenye televisheni kubwa na benchi kumi na mbili ndani ya mabati. Nilizoea kuamini kwamba kumbi hizo ni za wavivu. Baadhi ni za wavivu. Kwa Ambrose, filamu ikiisha watu hubaki kubishana, na mtu asiye na hoja hukaa kimya. Sella, anayeuza chai mlangoni, huwauzia pande zote mbili.

Mpinzani mkuu alikuwa Gerishon, mlinzi wa mchana katika ghala moja, mwenye sauti nzito na kumbukumbu ya ajabu. Kwa jinsi alivyohukumu filamu, walimwita Jaji. Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na wote waliifuata kama amri ya kumi na moja: stelingi hafi. Stelingi ni yule mwenye filamu, yule ambaye hadithi ni yake. Akifa, kwa maoni ya Gerishon, hiyo si filamu, ni matanga.

Ukumbi ulikuwa pia na desturi. Kila sikukuu mtu mmoja alipendekeza filamu na kuisimamia, maana yake aliitetea kabla ya kuonyeshwa na kuijibia baadaye. Zaidi ya nusu ya watu wakitoka kabla haijaisha, aliyeisimamia alihamia benchi la nyuma kabisa, lililoitwa benchi la bubu, na kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kufungua mdomo kuhusu filamu yoyote. Mukai alihudhuria miaka mitatu bila kupendekeza kitu. Mwaka uliopita, Mashujaa Dei ilipokaribia, alinyoosha mkono.

"Nasimamia *Birika Jeusi*," alisema.

"Mama Kathini," Gerishon akamwita kwa jina la bintiye, "hiyo ni filamu ama ni soko la vyombo?"

Watu wakacheka. Mukai akangoja wamalize.

"Ni filamu, Jaji."

"Stelingi anapiga watu?"

"Mmoja. Na maji moto."

"Haya, anakufa?"

"Hafi."

"Umesema mbele ya mashahidi."

"Nimesema mbele ya mashahidi, na nimeiona yote."

Nadhani hakuna aliyejua alikuwa ameweka nini mezani. Mtu aliyewahi kuambiwa na kanisa zima kwamba neno lake halina uzito alikuwa amepata mahali pengine neno lake likasikilizwa. Akishindwa, angenyamaza mwaka mzima huko nako.

Wiki hiyohiyo Tabby, kiongozi wetu wa kwaya, alimpigia simu. Kamati ilikuwa imekubali kumrudisha. Apokelewe siku ya Mashujaa, saa kumi kamili, kwaya yote ikiwa imekusanyika.

"Ukichelewa, Mukai, tutajua jibu lako," Tabby alimwambia.

Mukai alipiga hesabu ya saa. Filamu ingeanza saa saba na kumalizika kabla ya saa tisa. Kutoka Kambi Muru hadi Satellite, hata barabara ikiwa mbaya, saa moja ingetosha. Akamwambia Tabby atafika.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Watu arobaini na wawili, Ambrose aliwahesabu kwa ajili ya desturi. Lakini stima ilichelewa, na filamu ikaanza saa nane na nusu badala ya saa saba. Mukai alitazama saa yake mara moja, kisha akaigeuza, kioo chake kikaangalia chini ya mkono.

Kama filamu zote za Ambrose, hii ilikuwa na DJ, yaani sauti ya mtu aliyerekodiwa juu yake akitafsiri kwa Kiswahili na kuongeza utani wake. Mukai alikuwa ameitazama nyumbani bila DJ. Hadithi yenyewe ilikuwa ya stesheni ya treni katika nchi moja ya milima huko Asia, ambako majambazi waliiba dawa za hospitali. Akaingia polisi mrefu, kifua kama mlango wa lori.

"Stelingi wetu ndio huyu," DJ akatangaza. "Muone kifua. Leo kuna watu watalia."

Ukumbi ukapiga makofi. Nyuma ya polisi, mwanamke wa makamo mwenye aproni alikuwa akimimina chai kutoka birika jeusi. DJ hakusema neno juu yake.

Dakika ya arobaini, polisi alipigwa risasi kwenye ngazi. Akaanguka na hakuinuka. DJ akasema kwa sauti ya huzuni, "Pole stelingi wetu. Ameenda."

Gerishon akasimama.

"Simamisha hapo, Ambrose." Picha ikasimama. "Mama Kathini, ulituambia hafi."

"Hafi."

"Huyo analala?"

"Huyo amekufa. Si stelingi."

"DJ amesema ni stelingi."

"DJ alikosea."

Ukumbi ukavuma. Kwa watu wale, kusema DJ amekosea ni kama kumwambia kinyozi kwamba hajui wembe. Mmoja akapiga mluzi. Watu kama kumi walikuwa tayari wameinuka, wakikung'uta vumbi suruali zao.

"Basi stelingi ni nani?" Gerishon akauliza.

"Yule mama wa chai."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. "Stelingi wa aproni," mtu akasema. "Atawaua na majani chai," akaongeza mwingine. Sella, aliyekuwa amesimama mlangoni na thamosi yake, hakucheka.

"Wacheni mama wa chai," alisema. "Mnakunywa ya nani?"

Gerishon akachukua kofia yake. Kila mtu alijua kwamba akitoka yeye, ukumbi mzima ungemfuata. Mukai hakupandisha sauti.

"Jaji, ukitoka saa hii, utakuwa umehukumu kesi ambayo hujasikia mashahidi wote. Mimi niliwahi kufanya hivyo, na aibu yake naijua. Toka kama unataka, lakini usiseme uliitazama."

Gerishon alisimama pale akiishika kofia. Ni mtu wa majivuno, lakini ni mtu wa haki. Akarudi kuketi.

"Endelea, Ambrose. Tumsikie mama wa chai."

Waliokuwa wameinuka wakaketi, wengine kwa sababu ya Jaji, wengine wakitaka tu kumcheka Mukai vizuri mwishoni. Watatu walitoka.

Saa tisa na nusu simu ya Mukai ilitetemeka. Tabby alikuwa ameandika, "Uko wapi? Tunakusanyika." Filamu ilikuwa imebakisha nusu saa. Kama angeondoka wakati huohuo, barabara ikiwa wazi, angeweza kufika. Hakuna aliyemzuia. Lakini yeye ndiye aliyeisimamia filamu, na mtu hawezi kuwaomba wengine wakae hadi mwisho kisha yeye akanyanyuka. Alimjibu Tabby kwa ukweli: "Niko Kibera. Sijamaliza." Akazima simu.

Kwenye skrini, mama wa chai alikuwa amewajua majambazi mmoja mmoja kwa jinsi wanavyokunywa. Huyu hupuliza kabla ya kuonja, huyu hushika kikombe kwa mkono wa kushoto, huyu huacha sukari chini. Mkubwa wao, ambaye stesheni nzima ilimheshimu kama tajiri mwema, alizungusha kikombe mara tatu kila siku, na akakizungusha mara tatu siku aliyokuja amejifunika uso. Kicheko kilikuwa kimekwisha ukumbini. DJ mwenyewe alikuwa amesahau utani. Mkubwa yule alipoinua bastola, mama akammiminia birika zima mkononi, na mtu mmoja kwenye benchi la mbele akajifuta mkono wake mwenyewe kana kwamba ameungua.

Treni ikaondoka na dawa kuelekea hospitali. Mama akaosha vikombe. Majina yakaanza kupanda, na Ambrose, kama ilivyokuwa kawaida yake, akanyoosha mkono kuzima.

"Wacha," Mukai akasema. "Hapa ndipo nilitaka tufike."

Katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kutazama majina. Kwanza likatokea neno moja la Kiingereza, peke yake, kwa herufi kubwa nyeupe: STARRING. Mukai akaenda mbele, akaweka kidole chini yake.

"Jaji, soma."

Gerishon akainama. Alilisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea, kisha akalisoma kwa sauti jinsi sisi sote tunavyolitamka.

"Stelingi."

Neno walilolitumia tangu utotoni, wakalipigania na kuapa nalo, lilikuwa limeandikwa pale miaka yote, na kila mara walikuwa wakiinuka na kwenda zao kabla halijatokea. Chini yake ikaja picha ya kwanza: uso wa mama wa chai, na jina la aliyemwigiza. Polisi wa kifua alikuja wa saba, baada ya mkuu wa stesheni.

Sella ndiye aliyeanza kupiga makofi, akifuatwa na ukumbi wote, watu wakigonga benchi kwa viganja. Gerishon akavua kofia.

"Mahakama hii ilikosea," alisema. "Na DJ pia." Kisha bila kulazimishwa na mtu akaenda nyuma akaketi kwenye benchi la bubu, na akakaa hapo hadi Krismasi. Alipoulizwa maoni, alionyesha midomo yake kwa kidole.

Siku hizi kwa Ambrose hakuna anayesimama majina yakipita. Filamu ya kila sikukuu hupelekwa kwanza kwa Mukai, naye huileta na jibu la neno moja, inafaa au haifai, na watu wazima wanalikubali. Vijana wakimwona Kawangware 56 humwita, "Niaje, Stelingi," naye huinua mkono kutoka kwenye mashine bila kukosa uzi.

Sisemi kwamba filamu ni kubwa kuliko kwaya. Nasema alitoa neno, akalitimiza lote.

Alifika Satellite saa kumi na moja na robo akakuta kanisa limefungwa. Kwaya haikumrudisha, na nafasi yake katika sauti ya pili ilipewa mtu mwingine. Hicho ndicho kanuni yake ilichomgharimu.