Plasta Kwenye Noti Nyeusi

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Mogitu na nimerudi nimekasirika, kwa hiyo nivumilie. Nilikwenda kuwasalimia nyumbani, nikapita kanisani, na huko stoo, nyuma ya mabenchi mabovu, nikakikuta kinanda chetu cha kukanyaga. Noti zake nyeusi bado zimezibwa kwa plasta ya zahanati. Plasta ileile! Imekuwa ya kahawia, lakini imeng'ang'ania.

Aliyeibandika ni mwalimu wetu wa kwaya. Nyimbo zote alituandikia ubaoni kwa do, re, mi, na do yake ilikuwa siku zote palepale, kwenye noti nyeupe. Nyeusi za nini? Alisema zinapoteza watoto. Basi akaziba zote, tukajifunza kinanda kama mtu anayetafuna upande mmoja.

Lakini mimi nyumbani nilikuwa na bibi. Asubuhi, na baridi ile ya mlimani, alikaa mlangoni na kibuyu cha maziwa mapajani, anakitikisa kutoa siagi huku anaimba. Kibuyu kilinukia moshi. Mtikiso wake haukuwa sawa: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Sauti ilipanda juu yake, na ikikaribia noti ya mi haifiki, anaishusha kidogo, anaiacha ining'inie hapo. Wimbo ulikuwa mmoja, lakini kila siku aliugeuza. Akigombana na ndama, ndama anaingia wimboni. Kesho yake inaingia mvua. "Ukiimba kama jana, maziwa yanajua umechoka," alikuwa akisema.

Nilitaka kuupiga kwenye kinanda, noti nyeupe zikanikatalia. Siku moja mwalimu hayupo nikabandua plasta kidogo, nikaipata ile mi iliyoshushwa, nyeusi, imejificha pale muda wote. Nikapata ya pili kati ya fa na so, na ya tatu chini kidogo ya ti. Nyeupe tatu, nyeusi tatu, na bibi mzima yupo pale! Nilikimbia nyumbani kumwambia. Akacheka, akasema, "Basi siku ya kunizika unipigie huo. Hizo za ubaoni sizijui."

Alifariki mwaka uleule, wakati wa kuvuna ngano. Siku ya maziko nilikaa kwenye kinanda kanisani, nikabandua plasta tena, nikaanza wimbo wake. Mwalimu alikuja mbio, akakifunga kifuniko vidole vyangu vikiwa ndani. "Hizo ni za baa! Hapa kuna msiba!" Hakuna mtu mzima aliyenitetea, hata baba. Kwaya ikaimba ya ubaoni, na bibi yangu akazikwa kwa wimbo wa watu wengine.

Miaka baadaye, Arusha, mpiga piano wa hotelini alinionyesha skeli, yaani mpangilio wa noti, anayoitumia kubuni jazi yake papo hapo. Inaitwa skeli ya bluzi, akasema, imetoka kwa watu weusi wa Amerika. Noti sita. Nikamwambia hizo nazijua, kwetu zilizibwa na plasta. Akadhani natania. Leo nakula kwa noti hizohizo, na wageni huniuliza nilijifunzia wapi.

Sasa sikia hili. Nikiwa pale stoo, mwalimu akaingia na fimbo yake, amezeeka. Nikamwamkia shikamoo, adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Tunakuona kwenye simu. Hebu wafundishe vijana wetu hiyo bluzi, wanaipenda kweli."

Hiyo bluzi! Ileile aliyoiita ya baa! Nikabandua plasta zote mbele yake, moja moja, nikakaa kwenye kinanda, nikakanyaga. Kinanda kikakohoa, kikatoa sauti.

Skeli ilitoka safi. Wimbo haukutoka. Nilijaribu mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, nikapiga vitu vizuri kabisa, vya hotelini, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha bibi. Waliojua kuimba vile wamekwisha. Siagi sasa inatoka dukani, na kwaya ina kinanda cha umeme chenye ngoma za kubonyeza.

"Ule wa bibi yako ulianzaje?" mwalimu akauliza, kwa upole kabisa.

Noti zote sita zilikuwa chini ya vidole vyangu. Mwanzo wa wimbo sikuupata, na hilo ndilo sitamsamehe.