Aliyebandua Magome ya Mwarobaini Namba Nane

Namba niliiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Asubuhi ile haikuwepo. Ilikuwa imeondoka na gome lake.

Mwarobaini wa stendi ya Handeni ulikuwa na majeraha mawili, moja mashariki, jingine magharibi. Yakikutana kuzunguka shina, mti unakufa.

Naitwa Getruda, kwetu Mombo. Nimesomea misitu, kazi ikanileta huku kutunza miti ya mjini.

Mimi watu nawaogopa. Wenzangu wakienda kwa mama ntilie, mimi nakaa chini ya namba nane na kiporo changu. Mti ule ndio ulikuwa shoga yangu.

"Ukikauka tunaukata," alisema bosi wangu, mzee Awadhi. "Huyo mwizi wa magome mlete kwangu."

"Hana roho huyo," nilijibu.

Nilikuwa natetemeka juani, na sweta juu. Nikadhani ni hasira.

Kumbe malaria.

Hospitali wakanipa vidonge, nikajifungia chumbani. Simu haikuita. Nani angepiga?

Mwenye nyumba, Bibi Swaumu, tulikuwa tunaishia shikamoo na marahaba tu. Siku hiyo akaingia na kikombe, hata hodi hakupiga.

"Kunywa. Usinuse."

"Chungu, bibi!"

"Kwani nimekwambia soda?"

Akakaa pembeni yangu hadi jasho likatoka. Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Nilipopata nguvu nikarudisha kikombe jikoni kwake. Sufuria ilikuwa wazi.

Ndani, kwenye gome moja, kulikuwa na rangi nyeupe. Nane. Mwandiko wangu.

"Bibi... kwa nini pande zote mbili?"

"Dawa ya gome huchukuliwa jua linakotoka na linakozama. Hujui?" Akacheka. "Nilikuona juzi yake unaanika nguo juani na sweta. Nikaanza kuchemsha kabla hujaanguka. Huna mtu hapa, mwanangu. Ningekuangalia tu?"

Nikakimbilia stendi. Majeraha yalikuwa yameshakutana.

Mti ukakauka. Siku ya kuukata, mzee Awadhi akaniuliza, "Mwizi ulimpata?"

"Nimempata, mzee. Ni mimi."

Akacheka, akidhani ni utani. Msumeno ukawashwa. Nililia, nikasingizia vumbi.

Sasa mchana nakula uani kwa Bibi Swaumu, kando ya mche wa mwarobaini tuliopanda. Pale stendi napita haraka, kisiki sikitazami.

Kilichoniponya ni vidonge au gome? Sijui. Ila wewe unayesoma hii peke yako chumbani, kabla hujasema huna mtu, mtu wa mlango wa pili mpe neno moja zaidi ya shikamoo.

Mimi nilichelewa, mti ukalipa.