Nyongeza ya Dagoretti

Mgeni wetu alitoka mji mdogo wa soko huko Uingereza, na tangu supu hadi chai alikuwa akiusifu: kanisa la kale, mnara wa saa, soko la kila Jumatano ambalo mfalme fulani aliliruhusu karne nyingi zilizopita. Nikachoka. Nikampeleka soko la Dagoretti, kwa shangazi yangu anayeuza mboga.

Alinunua nyanya, na shangazi akamwongezea tatu za bure. Mgeni akazirudisha, akidhani mama wa watu amekosea hesabu. Shangazi akanuna. Sokoni kwetu, anayekataa nyongeza anakuambia hatarudi tena. Nilipomweleza, aliona haya, akazipokea kwa mikono miwili, na shangazi akamtupia na fungu la majani ya dania juu.

Juzi aliniandikia kutoka kwao. Alikwenda kwenye soko lao la Jumatano, akaomba nyongeza. Muuzaji alimkodolea macho, halafu akampa karoti moja.

Nilimsomea shangazi ujumbe huo. Alicheka mpaka akakalia gunia la viazi.

"Karne zote hizo!" akasema. "Mwambie soko lao ndio sasa limeanza."