Milango Iliyomfukuza Bibi

Mwenye nyumba wetu pale Msamala alijenga akitarajia kupangisha wanafunzi. Aliambiwa kwamba hosteli haikubaliwi bila milango ya kuzuia moto, akaiweka miwili, mmoja kwenye korido na mwingine jikoni, mizito kama mifuniko ya makaburi. Wanafunzi hawakuja. Tulikuja sisi wapangaji wa kawaida, na milango ikatupokea hivyo hivyo.

Juu ya kila mlango kuna kisanduku cha chuma chenye mkono uliokunjika kama kiwiko. Ukishapita, mkono huo huuvuta mlango ukajifunga wenyewe. Ungejifunga kwa upole nisingekuwa na la kuandika. Ulijifunga kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Vikombe viligongana kabatini, vumbi la chokaa likashuka, na sentensi niliyokuwa nikiibembeleza tangu asubuhi ikakimbia isirudi tena.

Nilianza kwa kuuwekea jiwe. Mwenye nyumba, mtumishi mstaafu ambaye zamani alihamishiwa Songea na hakuondoka tena, aliliokota akaliacha mbele ya chumba changu kama barua ya onyo. Baadaye alinieleza kwa utulivu kwamba mlango wa moto ukiwekewa jiwe ni ukuta wenye tundu, na moto haupigi hodi. Hapo alisema kweli, jambo lililoniudhi zaidi. Nikabandika vipande vya ndala kuukuu kwenye fremu. Mlango ulivitema siku ya tatu. Nikabandika tyubu ya baiskeli. Sasa mlango haukufungika kabisa, mwenye nyumba akaja akaibandua mwenyewe, akisikitika kama mtu anayemwosha mtoto kidonda.

Yote hayo ningeyameza. Lakini akaja bibi yangu kutoka Maposeni.

Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, upande wa kulia. Daktari alitaka akae mjini kwangu, nimtilie dawa, mbali na moshi wa kuni na vumbi la mahindi, hadi Alhamisi atakapomwangalia tena. Akirudi shamba kabla ya hapo, alituonya, jicho linaweza kuoza. La kulia lilikuwa limefunikwa na la kushoto lilikuwa bado ukungu mtupu. Basi bibi alikaa kwenye kiti chumbani mwangu, mlango wa chumba wazi, akiisikiliza nyumba.

Jumatatu alikula vizuri, akanitania. Mimi ni mume wake, kama mjukuu yeyote wa kiume, na aliniuliza mume gani huyu anayeshinda ameinamia karatasi, mke anamenya viazi kwa kupapasa. Jumanne asubuhi nilimkuta amekaa vilevile, ila khanga zake zilikuwa zimefungwa furushi, na furushi lilikuwa mapajani.

Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema gari za Peramiho, za kumrudisha kwao, zinajaa mapema. Nikamkumbusha Alhamisi, nikamkumbusha jicho. Alilaza kiganja juu ya furushi.

"Mume wangu, nimefungiwa mlango mara tisa tangu kulipokucha. Nimehesabu."

Nikaelewa, na nikajiona mpumbavu. Kwao mlango haufungwi mchana mgeni akiwa ndani. Mwenyeji aliyemchoka mgeni hasemi neno. Huupiga mlango kwa kishindo akitoka, na mgeni mwenye akili hufunga mzigo wake. Bibi hakuona mlango ukijivuta. Alisikia tu wapangaji wote, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia aondoke.

"Unajifunga wenyewe, bibi."

"Mlango hauna mkono."

Nilimwinua, nikampeleka koridoni, nikapandisha vidole vyake hadi kwenye kile chuma. Alikipapasa kiwiko chote, kwenda na kurudi. Kisha akasema haidhuru nani ameuweka mkono huo, aliyeuweka hapendi wageni, na akauliza viatu vyake viko wapi.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba nikiwa nimeishiwa adabu, ingawa shikamoo niliitoa. Nilimwambia milango yake inamfukuza bibi yangu na jicho lake. Mzee alisimama ghafla. Hata kwao, alisema, mgeni hafanyiwi hivyo. Akaingia ndani, akatoka na faili na bisibisi, na kutoka kwenye faili akatoa karatasi iliyokuja na visanduku, imetobolewa vizuri pembeni. Ilikuwa na michoro: skrubu mbili ubavuni mwa kisanduku, moja ya mwendo wa mlango, nyingine ya kile kipande cha mwisho unapoigusa fremu. Miaka miwili karatasi ilikuwa kwenye faili. Miaka miwili! Nilimtazama mzee, naye akaitazama bisibisi.

Nilipanda kwenye kigoda, yeye akakishika. Kwanza niliizungusha skrubu ya mwendo kushoto, na mlango ukajipiga hadi taa ikapepesa.

"Huyo sasa amekasirika kweli," bibi alisema kutoka chumbani.

Nikarudisha kulia, robo ya mzunguko, kisha robo tena, nikiogopa mafuta ya ndani yasije yakamwagika. Tukauachia. Ulikuja taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini ameshiba, ukasita karibu na fremu, ukaingia mahali pake kwa kidoko kidogo cha ulimi. Tukafanya na wa jikoni. Mzee akaenda kumwomba bibi radhi, akiwa amevua kofia ambayo bibi asingeweza kuiona.

Bibi alifungua furushi. Alhamisi daktari alilisifu jicho, akampangia la pili, na akatuambia akae wiki mbili zaidi.

Lakini kabla siku ile ya bisibisi haijaisha alishaanza kulalamika. Milango sasa inanyemelea, alisema. Watu wanaingia na kutoka kama wezi, hajui nani yuko ndani. Akaagiza kila mtu apige hodi. Kwa hiyo mimi, mwenye mkataba wa pango na muswada ambao haujakwisha, nasimama mbele ya jiko nilimoacha sufuria yangu mwenyewe, napiga hodi, nasubiri kukaribishwa kutoka chumbani. Mwenye nyumba naye hupiga.